Hagler na Golovkin: nani angeondoka na mkanda wa uzito wa kati?

Pambano la kufikirika huharibika kabla kengele haijalia, pale watu wanapokosa kukubaliana ni bondia wa mwaka gani anayepanda ulingoni. Mmoja anamtaja Marvin Hagler na kichwani anamwona yule wa Aprili 1985, dakika nane za moto na Thomas Hearns. Mwenzake anamjibu akimwona Hagler wa Aprili 1987, anayemfukuza Sugar Ray Leonard asimkamate. Jina ni moja, watu ni wawili. Kwa Gennadiy Golovkin ni hivyo hivyo: yule aliyemchambua David Lemieux kwa mkono wa kushoto Oktoba 2015 siye yule aliyeumizwa mbavu na Sergiy Derevyanchenko Oktoba 2019.

Kwa hiyo tunaanza kwa kufunga miaka. Hagler tunamchukua wa 1981 hadi 1985, Golovkin wa 2013 hadi 2016. Kila mmoja hapo alikuwa bingwa, alikuwa na kocha wake wa kudumu, na miguu ilikuwa bado inatii.

Kwa nini hawa na si Sugar Ray Robinson, ambaye wengi humtaja kwanza? Kwa sababu Robinson aliuchukua ubingwa wa uzito wa kati Februari 1951 baada ya kutumia miaka yake mikali katika uzito wa chini, na picha za miaka ile ni chache. Kumpima inabidi kukopa sifa kutoka kwenye magazeti. Hagler na Golovkin tunawaona raundi kwa raundi, rangi kamili, wote wakishika mikanda ya uzito wa kati tu, wenye kikomo cha kilo 72.57. Na kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna kipimo cha ziada: kila mmoja alikutana na Mganda, na kila mmoja alihitaji kufika raundi za mwisho ili kummaliza.

| | Hagler | Golovkin |
|---|---|---|
| Kuzaliwa | 23 Mei 1954, Newark, Marekani | 8 Aprili 1982, Karaganda, Kazakhstan |
| Mapambano | 67 (kushinda 62, kupoteza 3, sare 2) | 45 (kushinda 42, kupoteza 2, sare 1) |
| Ushindi kabla ya muda (KO na TKO) | 52 | 37 |
| Kimo | sm 177 hivi | sm 179 |
| Urefu wa mikono ikitandazwa | inchi 75 (sm 190) | inchi 70 (sm 178) |
| Msimamo | shoto, na hubadilisha | kulia |
| Kuangushwa | mara 1 | hajawahi |
| Kusimamishwa kabla ya muda | hajawahi | hajawahi |
| Makocha wa kipindi hiki | Goody na Pat Petronelli | Abel Sanchez |
| Kambi | Provincetown, ufukweni Massachusetts | Big Bear, milimani California |
| Kutetea ubingwa | mara 12 | mara 20 |

Mistari ya jedwali isiyokusaidia

Ule wa mwisho uuache kabisa. Hagler alipompiga Alan Minter pale Wembley, 27 Septemba 1980, alichukua ubingwa usiogawanyika, na mara zote 12 alizotetea alikuwa bingwa wa kila chama kilichokuwa na maana. Hesabu ya Golovkin inaanzia siku ambazo chama cha WBA kilikuwa na mabingwa wawili kwa wakati mmoja, yeye akiwa wa ngazi ya pili na Felix Sturm juu yake. Baadaye alikusanya mikanda ya vyama vya WBA, WBC na IBF, lakini mkanda wa WBO hakuupata. Ishirini na kumi na mbili hapa havipimwi kwa kibaba kimoja.

Asilimia za KO nazo zinadanganya. Ukigawanya kwa mapambano yote, Golovkin ana asilimia 82 na Hagler 78. Tofauti hiyo inafutika ukikumbuka kwamba Hagler alipanda kupitia Philadelphia, ambako alipelekwa kupigana na mabondia wagumu nyumbani kwao: Bobby Watts, Willie Monroe, Eugene Hart, Bennie Briscoe. Watts na Monroe walimshinda kwa pointi mwanzoni mwa 1976. Hagler alimsimamisha Monroe mara mbili mwaka uliofuata, na akamsimamisha Watts katika raundi ya 2 mwaka 1980. Golovkin alifika kwenye ulingo wa kulipwa mwaka 2006 akiwa tayari bingwa wa dunia wa ridhaa wa 2003 na mwenye medali ya fedha ya Athens 2004, kwa hiyo shule ile aliimaliza akiwa amevaa kofia ya ridhaa na hasara zake hazikuandikwa kwenye rekodi ya kulipwa.

Kuangushwa kwa Hagler nako kusikutishe. Ni kule kwa Juan Roldán, Machi 1984, sekunde za mwanzo kabisa za pambano. Ukiitazama picha polepole ni msukumo na kuteleza zaidi ya ngumi. Mwamuzi alihesabu, ikaandikwa. Raundi ya 10 Roldán alikuwa amekwisha.

Mstari wenye uzito ni wa mikono, ila usomwe vizuri. Kipimo hiki huchukuliwa kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole mikono ikiwa imetandazwa, kwa hiyo upana wa kifua na mabega umo ndani yake. Tofauti ya sentimita 12 na ushei ni kama sentimita 6 kwa kila mkono. Sita zinatosha. Jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele inayonyooka, huishi au kufa kwa sentimita mbili tatu.

Miguu na mikono: hapa ndipo pambano lilipo

Golovkin ni bondia wa jebu kabla ya kuwa bondia wa KO. Watu wengi wanakosea hapa kwa sababu ya ule mfululizo wa mapambano 23 aliyomaliza kabla ya muda. Mtazame na Lemieux: jebu inatoka kifuani bila kuonyesha dalili, inatua usoni, mguu wa mbele unaingia nusu hatua, na kabla mpinzani hajarudi mahali pake jebu ya pili iko njiani. Kila inapotua, mpinzani anarudi nyuma kidogo upande ule ule anaotaka Golovkin arudi. Baada ya raundi tatu yuko kambani wala hakumbuki alifikaje. Ndipo inakuja ngumi ya kupinda ya kushoto juu ya sikio, au ile ya ini iliyomkalisha Matthew Macklin Juni 2013.

Sasa mbele ya jebu hiyo msimamishe mtu wa shoto. Bondia wa kulia akikutana na wa shoto, mikono yao ya mbele inatazamana glavu kwa glavu, na miguu ya mbele inagombea kipande kimoja cha sakafu. Jebu haina tena njia iliyonyooka. Inapita juu ya mkono wa mwenzake au inasubiri ule mkono ushuke. Hagler anajua kuutumia mkono wake wa kulia kuipiga jebu ya mtu chini kabla haijafika, kisha mkono huo huo ukarudi kwa ngumi ya kupinda. Hilo peke yake linamnyang'anya Golovkin kifungua mlango chake kwa raundi kadhaa.

La pili ni mguu. Katika mkao huu, anayefanikiwa kuweka mguu wake wa mbele nje ya mguu wa mwenzake ndiye mkono wake wa nyuma unaotazama katikati ya mwili wa mpinzani. Golovkin akiupata upande huo, ngumi yake ya kulia inapita katikati ya mikono ya Hagler. Hagler akiupata, kushoto kwake kunafanya hivyo hivyo. Golovkin ni hodari wa kumkatia mtu njia ulingoni, lakini hatua zake amezizoea kwa watu wanaokimbia kuelekea kushoto kwake au kulia kwake wakiwa wamesimama kama yeye. Kwa shoto inabidi ageuze hesabu yote.

La tatu ndilo tunaloona la maana kuliko yote: ini. Ini liko kulia. Bondia wa kulia anaposimama mbele ya wa shoto, ubavu wake wa kulia unakuwa upande ulio wazi, na mkono wa nyuma wa shoto unaufikia kwa kunyooka tu bila kuzunguka. Ini la Hagler liko nyuma ya kiwiko chake cha mbele, kwa hiyo ile ngumi ya Golovkin iliyommaliza Macklin inakutana na mfupa wa mkono. Kwa hiyo Golovkin anapoteza silaha yake ya mwili, na Hagler anapata ya kwake bila jasho. Ukitaka kujua kama Golovkin anaumia mwilini, Derevyanchenko alijibu swali hilo. Ni kweli ilikuwa 2019, nje ya miaka tuliyofunga, na mtu wa miaka 37 hupokea ngumi ya mbavu tofauti na wa miaka 33. Lakini mlango ulikuwa pale pale siku zote. Wengi waliopigana naye kabla hawakuwa na msimamo wa kuufikia wala ujasiri wa kukaa karibu muda wa kutosha.

Kuna na kubadilisha msimamo. Hagler hubadilisha katikati ya mfululizo: kushoto kunatua, mguu wa nyuma unapita mbele, na tayari ni bondia wa kulia anayekupiga kutoka pembe nyingine. Golovkin tuliona akisumbuliwa na jambo la aina hii usiku wa 18 Machi 2017, Madison Square Garden. Alimwangusha Daniel Jacobs raundi ya 4. Jacobs akainuka, akawa anasimama kishoto mara kwa mara, na pambano likaenda raundi 12 kamili, 115-112, 115-112 na 114-113. Mfululizo wa KO ukakatika pale. Jacobs si Hagler kwa kubadilisha. Hagler huifanya huku akija mbele.

Ila kubadilisha huku ndiko kulikomponza Hagler mwenyewe. Alipopigana na Leonard, Hagler alianza raundi za mwanzo akiwa amesimama kulia, akaziacha zikaenda bure, na alipoteza kwa uamuzi uliogawanyika. Akifanya hivyo kwa Golovkin, anamrudishia jebu yake mkononi. Raundi tatu za namna hiyo na hesabu yote ya makala hii inageuka.

Mkono wa kulia wa Golovkin utatua

Wanaompenda Hagler wasijidanganye hapa. Alikuwa akipigwa na mikono ya kulia. Hearns alimpiga nayo raundi ya kwanza mpaka mkono wa Hearns wenyewe ukavunjika. Roldán alimpiga, John Mugabi alimpiga. Golovkin ana ngumi ya kulia isiyo ya kawaida, inayozunguka kutoka juu na kushuka nyuma ya kinga ya glavu, kwenye mfupa ulio juu ya sikio. Kwa mtu wa shoto ngumi hiyo ni dawa, kwa kuwa mkono wake wa mbele uko chini kidogo na mbali na kichwa.

Swali linakuwa: ikitua mara kumi na tano katika raundi 12, itafanya nini? Ushahidi wa mapambano 67 ni kwamba Hagler hakuwahi kushindwa kumaliza, akiwa amepigwa na watu wenye ngumi nzito kuliko karibu wote waliowahi kumgusa Golovkin. Na upande wa pili, Golovkin alipokea ngumi safi za Saúl Álvarez kwa raundi 24 za uzito wa kati wala goti halikugusa sakafu. Anayetabiri KO hapa, kwa yeyote kati yao, anatabiri jambo ambalo halijawahi kutokea. Tuweke pembeni KO ya raundi za mwanzo.

Kipimo cha Waganda wawili

Mugabi, mzaliwa wa Kampala na mshindi wa medali ya fedha ya Moscow 1980, alipanda Caesars Palace tarehe 10 Machi 1986 akiwa na mapambano 25, yote KO. Alikuwa ametoka uzito wa chini, kilo 69.85. Hagler alimaliza kazi raundi ya 11. Kassim Ouma, naye Mganda na aliyewahi kuwa bingwa wa IBF katika uzito ule ule wa kilo 69.85, alikutana na Golovkin jijini Panama tarehe 17 Juni 2011, na akasimamishwa raundi ya 10.

Usiyaweke haya mawili kwenye mizani moja kwa haraka. La Hagler liko mwaka mmoja baada ya kipindi tulichofunga, na miguu yake tayari ilikuwa imeanza kuwa mizito. Ndiyo maana Leonard alipata moyo wa kurudi. La Golovkin liko miaka miwili kabla, akiwa bado anajenga mtindo wake na Sanchez. Lakini kila moja linasema kitu. Mugabi alikuwa mpiga ngumi moja moja nzito, na Hagler alizimeza, akambana, akamchosha kwa mwili. Ouma hakuwa na ngumi nzito. Alikuwa mtu wa shoto anayerusha ngumi nyingi bila kupumzika, na alimgusa Golovkin mara nyingi kuliko alivyostahili mtu mdogo namna ile. Mwongezee Ouma sentimita, uzito wa ngumi na akili ya ulingoni, unapata picha ya kazi inayomsubiri Golovkin.

Shoto mwingine wa Golovkin alikuwa Willie Monroe Jr., Mei 2015, wa ukoo mmoja na yule Monroe aliyempiga Hagler mwaka 1976. Aliangushwa mara mbili raundi ya 2 na kukubali yaishe raundi ya 6. Wanaomtetea Golovkin hulitaja pambano hilo kama jibu la suala la shoto. Ni jibu la nusu. Monroe Jr. alikuwa mkimbiaji asiye na ngumi ya kumzuia mtu, na Golovkin alimwendea bila hofu ya kulipwa.

Sheria zipi?

Hapa ndipo unapochagua, na chaguo lako linabadilisha pointi zaidi ya unavyodhani.

Kupima uzito kwanza. Enzi za Hagler kwa kawaida ilikuwa siku ile ile ya pambano. Enzi za Golovkin ni siku iliyotangulia. Kwa mabondia wengi wa leo kurudi kwenye kupima siku ile ile kungekuwa msiba, maana hukausha maji kilo kadhaa na kuzirudisha usiku. Kwa hawa wawili tofauti ni ndogo. Golovkin alishika mkanda wa IBF, chama kilichokuwa kikimpima bondia tena asubuhi ya pambano na kumkataza kuzidi pauni 10 juu ya kikomo, yaani kilo 77.1, na alikuwa akipanda mizani hiyo bila taabu. Jacobs aliikwepa mizani hiyo kabisa, na kwa hiyo mkanda wa IBF haukuwa wake hata kama angeshinda. Hagler naye hakuwa mtu wa kujikausha. Uzito usikupotezee muda.

Glavu: Leonard alipojadiliana na kambi ya Hagler mwaka 1987 alidai vitu vitatu, raundi 12 badala ya 15, ulingo wa futi 20, na glavu za aunsi 10. Alijua anachokifanya. Glavu nene humsaidia anayetegemea pointi, ulingo mpana humsaidia anayekimbia. Golovkin hakimbii, kwa hiyo ulingo haumbadilishii kitu. Glavu za aunsi 8, zenye gramu 227 dhidi ya 284, zingeongeza uzito wa ngumi za wote wawili, na kwa maoni yetu zingemfaa Golovkin zaidi kidogo kwa sababu ngumi zake chache hutua na uzito mkubwa kila moja.

Raundi ndizo zenye maana. WBC iliingia raundi 12 mwaka 1983, baada ya kifo cha bondia Duk Koo Kim kufuatia pambano lake na Ray Mancini Novemba 1982, na wengine wakafuata kabla ya muongo kwisha. Hagler alisimama kwenye mpaka huo. Alifika raundi ya 15 mara mbili tu. Ya kwanza ilikuwa na Vito Antuofermo Novemba 1979, alipolegeza kasi akiamini amekwishashinda, akapewa sare. Ya pili ilikuwa na Roberto Durán tarehe 10 Novemba 1983: baada ya raundi 13 Durán alikuwa mbele kwa pointi moja kwenye karatasi za majaji wawili, Hagler akachukua ya 14 na ya 15, akashinda 144-142, 144-143 na 146-145. Somo la kwanza lilizaa la pili.

Golovkin hana raundi ya 13 ya kutuonyesha. Tulichonacho ni jinsi anavyomaliza 12, na kwa watu wa daraja la juu raundi zake za mwisho hazikuwa bora zake. Jacobs alimaliza vizuri. Álvarez alimaliza kwa nguvu Septemba 2017. Jebu inabaki, miguu inabaki, lakini ngumi za mwili zinapotea na mfululizo unapungua kuwa ngumi moja au mbili. Mazoezi ya Big Bear, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, yanampa pumzi. Hagler alikimbia ufukweni Provincetown na mabuti ya kijeshi miguuni, na pumzi yake haikuwa ya kukopa.

Majaji

Ukiweka pambano Las Vegas, kumbuka jambo moja: wote wawili wana jeraha lile lile. Mwaka 1987 Jo Jo Guerra alimpa Leonard 118-110, huku Lou Filippo akimpa Hagler 115-113 na Dave Moretti akimpa Leonard 115-113. Miaka thelathini baadaye Adalaide Byrd alimpa Álvarez 118-110 dhidi ya Golovkin, Don Trella akaandika 114-114, na Moretti, yule yule, akampa Golovkin 115-113. Mtu anayekuja mbele na kulazimisha pambano hujiona anashinda raundi ambazo jaji anamwandikia mwenzake anayejibu kwa usafi.

Kwa pambano letu hili linakata pande zote, maana wote wanakuja mbele. Nani atakuwa anayejibu? Tunaona ni Hagler, kwa raundi tatu nne za mwanzo. Tabia yake na mtu asiyemjua ilikuwa kusoma kwanza. Alipokutana na Durán alisoma mno. Katika raundi hizo Golovkin ataonekana anaongoza kwa jebu hata zile zinazogonga glavu.

Raundi kwa raundi

Raundi ya 1 na ya 2 ni za Golovkin: anashika katikati ya ulingo, Hagler anapima umbali. Ya 3 Hagler anaanza kuweka kushoto mbavuni, yake. Ya 4 ndiyo raundi ambayo mkono wa kulia wa Golovkin unatua vizuri kwa mara ya kwanza, na Hagler anarudi kambani, ya Golovkin. Ya 5 na ya 6 zinapiganwa kifua kwa kifua, na hapo Hagler ana kila kitu: viwiko vimefungwa, kichwa chini ya kidevu cha mwenzake, ngumi fupi kutoka chini. Golovkin hapendi sana kukaa hapo. Anapenda nusu hatua nyuma yake. Ya 7 anaipata nusu hatua hiyo na kushinda. Ya 8, 9 na 10 ni za Hagler, kwa sababu mwili uliopigwa tangu raundi ya 3 unaanza kudai deni, na jebu ya Golovkin inatoka ikiwa chini ya bega. Ya 11 Golovkin anajivuta na kuichukua kwa ngumi mbili tatu nzito. Ya 12 Hagler.

Hiyo ni 115-113 kwa Hagler. Raundi moja ikigeuka ni sare, mbili na mkanda umehama, kwa hiyo anayemchagua Golovkin kwa raundi 12 hatuwezi kumwita mjinga. Kwa raundi 15 tunampa Hagler ya 13 na ya 15, Golovkin ya 14, na inakuwa 144-141. Pale hatubabaiki.

Kilichobaki ni damu. Shoto na kulia wakikutana vichwa hugongana, kwa kuwa vyote viko juu ya mstari mmoja wa miguu ya mbele, na Hagler hukaribia kichwa kikiwa kimetangulia. Paji lake lilichanika na Hearns raundi ya kwanza, mpaka daktari akaitwa kulitazama raundi ya 3. Kwa sheria za leo, vichwa vikigongana kwa bahati mbaya na pambano likasimamishwa baada ya raundi 4 kukamilika, majaji wanajumlisha walichoandika. Fuata karatasi yetu: likisimama mwisho wa raundi ya 5, Golovkin ameshinda 48-47. Mwisho wa ya 6 ni 57-57. Mwisho wa ya 7 ni Golovkin tena, 67-66. Mwisho wa ya 8 ni 76-76. Hagler anakuwa mbele kwa mara ya kwanza raundi ya 9 inapokwisha, 86-85, na kabla ya hapo mtu muhimu kuliko wote kwenye kona yake ni yule mwenye pamba na mafuta ya kuzuia damu.